Majalada ya ofisi si data yako: jibu kwa afisa ustawi anayetaka kusoma PhD

*"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Afisa Ustawi wa Jamii katika halmashauri moja ya Kanda ya Ziwa. Nina umri wa miaka 38, na kazini nina miaka 11. Uzamili wa ustawi wa jamii nilimaliza miaka 4 iliyopita, sasa nataka kusoma PhD. Mada ninayo: 'Changamoto za ulinzi wa mtoto nchini Tanzania'. Nashukuru pia kwamba data tayari ninazo, kwa sababu nimetunza nakala za majalada na madaftari yangu ya mashauri tangu nianze kazi. Nimekwama katika mambo matatu. Kwanza, takwimu sizijui vizuri na zinanitisha. Pili, sijui nisome hapa nchini huku nikifanya kazi, au nitafute ufadhili nje; wenzangu wananiambia PhD ya hapa haina uzito. Tatu, nina watoto wawili, mdogo ana miaka 4, na mume wangu ananiuliza hiyo PhD itaongeza nini kwenye mshahara. Nianzie wapi?"*

Marahaba, mwenzangu. Umeuliza mambo matatu na yote nitayajibu, ila naomba tuyaweke kando kidogo. Kilichonisimamisha katika barua yako ni maneno uliyoyapita haraka, kama jambo lililokwisha: data tayari ninazo. Hapo ndipo safari yako inaweza kuishia kabla basi halijatoka stendi, kwa hiyo nitakaa hapo kuliko kwingine kote.

Majalada hayo si yako. Makaratasi ni mali ya halmashauri, na yaliyoandikwa ndani ni ya watu waliofika ofisini kwako wakiwa wamebanwa. Mama aliyekuja kudai matunzo, bibi aliyeleta mjukuu mwenye alama za kuchomwa, kijana aliyetoroka kwa shangazi, wote walikuambia ya moyoni kwa sababu walitaka msaada. Hakuna aliyejua kwamba miaka saba baadaye maneno yake yangekuwa sura ya nne ya tasnifu ya mtu. Kukubali kuhudumiwa ni jambo moja na kukubali kufanyiwa utafiti ni jambo jingine, na la kwanza halibebi la pili. Kamati ya maadili ya chuo chochote makini itakuuliza hilo mapema. Na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika Mei 2023, umeshatoka kwenye maadili matupu na kuingia kwenye sheria. Sheria hiyo inaziweka taarifa zinazohusu watoto katika kundi la taarifa nyeti.

Kumbukumbu za ofisi zinaweza kutumika kwa njia halali, na nimeona kazi nzuri zilizotokana nazo. Unaomba kama mtafiti mwingine yeyote aliyetoka mbali. Unapeleka andiko lako kwenye kamati ya maadili, unapata kibali cha utafiti, unaandika kwa Mkurugenzi Mtendaji, kisha mtu mwingine wa ofisi anakutolea taarifa zilizokwisha kuondolewa majina, mitaa, shule na kila kitu kinachoweza kumtambulisha mtoto. Utapokea namba, umri, jinsia, aina ya shauri na hatua zilizochukuliwa. Lakini zile nakala zilizo kabatini nyumbani, kama zina majina ya watu, zirudishe ofisini wiki hii, na uwe mkweli kuhusu namna zilivyofika kwako. Ni afadhali aibu ndogo leo.

Usinielewe kwamba miaka yako 11 ni bure. Ina thamani kubwa, isipokuwa thamani yake iko upande mwingine: inakupa maswali, haikupi majibu. Ukiwa mezani pa ofisi, kila siku unaulizwa mtoto huyu tumpeleke wapi leo. Mtafiti anauliza kwa nini watoto wa aina hii wanarudi mezani pale pale kila mara, halafu anajiuliza swali ambalo ofisi haina nafasi ya kujiuliza: nikiwa nimekosea, nitajuaje? Anayekaa na la kwanza kwa miaka mingi huona hata la pili lina jibu tayari, na watu wazoefu wanashindwa hapo kuliko vijana waliotoka darasani juzi.

Mimi hilo nilifundishwa na mama mmoja. Nilikuwa nakusanya data za tasnifu yangu katika kata ambayo zamani niliwahi kuwa afisa ustawi wake. Nikaketi mkekani, nikamsomea fomu ya ridhaa neno kwa neno, pamoja na ile sentensi inayosema una haki ya kukataa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akaniuliza, "Sasa baba, leo umekuja kama ustawi au umekuja kama mwanafunzi?" Nikamwambia nimekuja kama mwanafunzi. "Basi nikikataa, mwanangu hamtamchukua?"

Nilifunga daftari. Usiku ule nikayapitia mahojiano yote niliyokuwa nimeyafanya, nikijiuliza ni wangapi walikubali kwa kuwa hawakuona namna ya kukataa. Unajua wewe mwenyewe neno hili lilivyo mitaani. Watu wakigombana, mmoja husema "nitakupeleka ustawi", na mwenzake huufyata. Sisi tunasema ni huduma, wao wanajua ni mamlaka. Nilitupa mahojiano 9, nikahamia wilaya nyingine ambako sikujulikana, na karibu mwaka mzima ukapotea. Kwa hiyo usifanye utafiti katika halmashauri unayofanyia kazi. Msimamizi atakayekuambia ni sawa kwa sababu utaokoa nauli, mwogope kidogo.

Kwa watoto kuna zaidi. Utahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, na juu yake utahitaji kukubali kwa mtoto mwenyewe, kwa maneno anayoyaelewa, na mtoto akisema hapana, hiyo hapana inashinda ndiyo ya mlezi wake. Utakwenda pia kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii kama unataka kuingia kwenye makao ya watoto. Na kabla ya swali la kwanza, mwambie mtoto kuna jambo moja huwezi kulificha: akikueleza kwamba anaumizwa, utalazimika kumwambia mtu anayeweza kumsaidia. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa za mtoto anayevunjiwa haki azifikishe kwenye serikali ya mtaa wake, na kuwa mtafiti hakukutoi katika wajibu huo. Liandike ndani ya andiko lako utakavyolifanya: utamwita nani, kwa namba gani, saa ngapi. Maandiko mengi yanayorudishwa na kamati za maadili yameandika "usiri utazingatiwa" na kuishia hapo.

Sasa PhD yenyewe ni nini. Watu wengi huiona kama kidato kinachofuata baada ya uzamili, na kwa mtu aliyesoma shule zetu hilo linaeleweka. Lakini shahada ya kwanza na uzamili zilikufunza kufanya kazi kwa maarifa ambayo wengine waliyatengeneza. Uzamivu unakutaka utengeneze kipande kidogo wewe mwenyewe, uwaonyeshe watu wanaolijua eneo hilo kuliko wewe, kisha ukitetee wakikuchimba. Mtahini wa nje hatakuuliza umehudumia watoto wangapi. Atakuuliza tunajua nini leo ambacho hatukukijua kabla ya tasnifu yako, na wewe umekijuaje. Hiyo "umekijuaje" ndiyo inayoangusha wengi. PhD haitakufanya uwe afisa ustawi bora zaidi pale dirishani. Kama hilo ndilo unalolitaka, kozi nzuri ya mwaka mmoja ya ushauri nasaha au ya usimamizi wa mashauri itakufaa haraka na kwa bei ndogo.

Fani yetu ina swali lake la ziada, la zamani. Mwaka 1915 Abraham Flexner, Mmarekani aliyekwisha kujulikana kwa ripoti yake iliyovitikisa vyuo vya udaktari vya nchi yake, alisimama mbele ya mkutano huko Baltimore akauliza kama kazi ya ustawi wa jamii ni taaluma. Jibu lake lilikuwa bado: aliiona kama mpatanishi anayewaita wataalamu wengine, isiyo na mbinu yake yenyewe. Zaidi ya karne imepita, na wanafunzi wangu bado wanaulizwa na watahini, hii si sosholojia tu? Hapa kwetu swali hilo lina sababu ya ziada. Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973, na kwa miaka mingi kazi kubwa ilikuwa kutoa watendaji. Wasimamizi wenye uzamivu wa ustawi wa jamii wenyewe ni wachache. Wengi wetu tulipitia sosholojia, masomo ya maendeleo au afya ya jamii. Kwa hiyo andaa jibu lako mapema: utafiti wako utamwambia nini mtu anayekutana na mtoto na familia yake ana kwa ana, ambacho mwanasosholojia asingejali kukiuliza?

Hapo tunafika kwenye mada yako. Nisamehe, mwenzangu, lakini "Changamoto za ulinzi wa mtoto nchini Tanzania" ni maneno ya bango la semina. Ukienda nalo uwandani utarudi na orodha ambayo hata mimi ninaweza kukuandikia sasa hivi: watumishi wachache, hakuna gari, bajeti haitoshi, mila, umaskini. Mtahini ataisoma akiwa anapiga miayo. Neno "changamoto" lifute kabisa; linakuruhusu kukusanya kila kitu bila kueleza chochote.

Tufanye zoezi. Tuseme kinachokunyima raha ni watoto wanaotolewa makao na kurudishwa kwa ndugu, kisha baada ya miezi michache unakutana nao tena stendi. Hicho ni kitu. Sasa kibane. Ni watoto wa umri gani? Waliorudishwa kwa nani: mama, bibi, mjomba, au familia ya kuaminika isiyo ya ukoo wao? Nani ndani ya ukoo aliamua ampokee, na aliulizwa au aliamriwa? Afisa alirudi lini kuwaona? Kibane hivi mpaka upate sentensi moja, mfano: katika miezi 12 baada ya mtoto kurudishwa kwa ndugu, ni maamuzi gani ya mtoto, ya ndugu na ya ofisi yanayofanya abaki au aondoke? Sentensi hiyo ina watu, ina muda, ina mahali pa kuangalia, na inaweza kukuletea jibu usilolitegemea. Labda utakuta wanaobaki si wale wa familia zenye nafuu, bali wale ambao kuna mtu mmoja ukooni aliyeomba kwa hiari yake apewe mtoto. Au labda si hivyo hata kidogo. Kama moyoni umeshajua jibu ni umaskini, swali bado hulijapata.

Ili ujue kama swali lako halijajibiwa tayari, soma tasnifu nzima nzima, si makala peke yake. Vyuo vingi sasa vinaziweka mtandaoni bure: Dar es Salaam, Chuo Kikuu Huria, Makerere, Nairobi, na vya Afrika Kusini. Afrika Kusini waangalie kwa makini, kwa sababu kule serikali hutoa ruzuku kwa malezi ya kambo na wapokeaji wengi ni bibi na shangazi, kwa hiyo wameandika sana juu ya kulelewa na ndugu. Soma sura ya mwisho kwanza, pale mwandishi anapokiri alichoshindwa kukifanya. Maswali mengi mazuri yameokotwa hapo.

Jambo jingine ambalo hukuuliza, na mimi linanigusa. Utahoji kwa Kiswahili, pengine na Kisukuma, na tasnifu utaiandika kwa Kiingereza. Wanafunzi wengi hutafsiri mahojiano yote kwanza, halafu wanachambua hiyo tafsiri. Ni kosa, na ni kosa la gharama kubwa. Mtoto anayesema "nilikuwa nalelewa na shangazi" na mtoto anayesema "nilikuwa nakaa tu kwa shangazi" hawajasema kitu kimoja. Wewe umesikia tofauti hiyo hata kabla sijamaliza sentensi. Ile "tu" ndiyo utafiti wenyewe, na tafsiri ya haraka itaifuta. Chambua kwa lugha waliyozungumza, tafsiri zile nukuu tu utakazozitumia, na uziweke pamoja na maneno ya asili. Msimamizi asiyejua Kiswahili akilalamika, mkumbushe kwamba fasili ya kimataifa ya taaluma yetu iliyopitishwa Melbourne mwaka 2014 inataja maarifa ya wenyeji kuwa sehemu ya msingi wake. Huwa wananyamaza.

Sasa hofu ya takwimu. Hofu hiyo huwapeleka watu kwenye kosa la ajabu: wanachagua mahojiano kwa kukimbia hesabu, si kwa sababu swali lao linahitaji mahojiano. Swali ndilo linalochagua njia. Lile la juu linahitaji mahojiano ya kina, labda na hesabu kidogo za kuonyesha watoto walivyosambaa. Ungeuliza kama watoto waliotembelewa na afisa mara kwa mara wanabaki kuliko wasiotembelewa, ungehitaji takwimu. Takwimu nyingi za fani yetu zinafanya jambo ambalo hata muuza nyanya analifanya: kuangalia tofauti na kujiuliza kama ni ya kweli au ni bahati ya siku hiyo. Fomula zinakuja baadaye, na kompyuta inazifanya. Jipe miezi mitatu, jioni mbili kwa wiki, ujifunze wastani, mtawanyiko, uhusiano na jaribio la umuhimu. Programu ya kompyuta ya takwimu iitwayo R haiuzwi, ni ya bure. Na usidhani mahojiano ni rahisi: saa 1 iliyorekodiwa hula saa 4 hadi 6 kuiandika. Wahojiwa 40 kwa saa moja moja ni saa 160 mpaka 240 za masikio yako, kabla ya uchambuzi haujaanza.

Hapa au nje? Wanaosema PhD ya hapa haina uzito, waulize wamesoma tasnifu ngapi za hapa. Uzito unatoka kwa msimamizi, kwa watahini na kwa kile utakachochapisha. Lakini mifumo inatofautiana, na tofauti hiyo inagusa udhaifu wako. Marekani kwa kawaida utaanza na masomo ya darasani kama miaka miwili, takwimu zikiwemo, kisha mtihani mkubwa, ndipo tasnifu. Miaka 5 si ajabu, lakini programu nyingi nzuri hulipa karo na posho. Kule utakutana pia na DSW, shahada ya udaktari wa ustawi wa jamii, ambayo siku hizi huwalenga zaidi watu wa huduma na uongozi. Usiichukue ukidhani ni PhD kwa jina jingine. Uingereza na Afrika Kusini kwa kawaida ni tasnifu moja kwa moja, na misingi mara nyingi utajitafutia mwenyewe. Hapa nchini, na pia kwa jirani zetu Makerere na Nairobi, inategemea programu. Uliza kama kuna masomo ya mbinu za utafiti mwaka wa kwanza. Wewe nakushauri uyatafute hayo, popote utakapokuwa.

Kwa ufadhili, angalia kwanza kilicho karibu. DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, imekuwa ikilipia watu kusoma uzamivu katika vyuo teule vya nchi zao na vya jirani, na huwa wanataka shahada yako ya mwisho isiwe imepita miaka 6. Wewe una miaka 4, kwa hiyo saa inakwenda. Tume ya Ufadhili wa Masomo ya Commonwealth imekuwa na ufadhili wa mgawanyo: unajisajili nyumbani, na unakwenda Uingereza mpaka miezi 12. Kwa mama mwenye mtoto wa miaka 4 naona huo ndio unaokaa vizuri. CARTA, muungano wa vyuo na taasisi za utafiti za Afrika unaoongozwa kutoka Nairobi na Johannesburg, ni nzuri sana lakini ni ya watumishi wa taasisi wanachama, haitakufaa ukiwa halmashauri. CODESRIA, baraza la utafiti wa sayansi za jamii Afrika lililoko Dakar, imekuwa ikitoa ruzuku ndogo za kukamilishia tasnifu; iweke akilini kwa baadaye. Masharti hubadilika kila mwaka, kwa hiyo soma tangazo lenyewe, usisome lililosambazwa kwenye kundi la WhatsApp. Na ukipewa nafasi nje, kabla hujalipa chochote waulize Tume ya Vyuo Vikuu kama wanakitambua chuo hicho. Nimemwona mtu mzima akilia kwenye korido kwa kukosa kuuliza hilo.

Msimamizi ni nusu ya PhD, na watu humchagua kwa jina kama wanavyochagua soda. Soma makala zake tatu. Tafuta wanafunzi wake wawili, mmoja aliyemaliza na mmoja aliyekwama, uwaulize anarudisha sura baada ya wiki ngapi. Kisha mwandikie barua fupi: wewe ni nani kwa sentensi moja, swali lako kwa sentensi moja, kwa nini umemwandikia yeye na si mwingine, na andiko la kurasa mbili. Usianze na wasifu wa kurasa tisa. Asipojibu wiki tatu mkumbushe mara moja kwa adabu. Akinyamaza tena, umeshajua atakavyokuwa akiwa na sura yako mkononi. Na usimlipe mtu akuandikie andiko, wapo wengi pembeni ya kila chuo, wala usiiachie programu ya kompyuta ikufikirie. Kwenye utetezi utasimama peke yako.

Mumeo ameuliza swali la maana na usimkasirikie. Ukibaki halmashauri, usitegemee PhD yenyewe ikupandishe cheo au mshahara. Kada yako ina muundo wake wa kupandisha watu. Chuoni ndiko inakobadilisha mambo, kwa sababu ndiyo inayomtoa mhadhiri msaidizi kuwa mhadhiri. Mwambie hivyo hivyo. Mwambie pia kwamba ukisoma huku ukifanya kazi, ile miaka 3 ya kwenye kijitabu cha chuo itakuwa 5 au 6, na kinachokula miaka si kazi tu. Ukiliacha andiko wiki tatu, unarudi hukumbuki ulikuwa unabishana na nani, unaanza kusoma upya. Wanaomaliza huku wakifanya kazi ninaowafahamu walikuwa na saa moja na nusu kila alfajiri ambayo nyumba nzima iliiheshimu. Kaeni muipange hiyo saa, nani atamwandaa mtoto, kabla ya kujaza fomu ya maombi.

Mambo mengine siwezi kukumalizia kwa barua. Nenda kwa Afisa Utumishi wako, uso kwa uso, uulize kama umo kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri, ruhusa ya masomo inaombwaje, na kama kuna mkataba wa kurudi kutumikia. Mtumishi wa umma anayejiondokea kusoma bila ruhusa ya mwajiri anaweza kuipoteza ajira yenyewe. Tembelea idara ya chuo unachokitaka, ukae kwenye utetezi wa tasnifu kama wageni wanaruhusiwa. Asubuhi moja pale itakufundisha kuliko barua hii.

Na kuna moja la upole. Umetunza kumbukumbu za mashauri kwa miaka 11, nyumbani. Watu wa kazi yetu hufanya hivyo wakati mwingine kwa sababu kuna watoto ambao hawajatoka kichwani. Kama kuna jalada ukilikumbuka usingizi unakatika, au mtoto uliyeshindwa kumwokoa ndiye anayekusukuma kusoma, mwone mshauri nasaha kabla ya kuomba nafasi chuoni. PhD itakurudisha kwenye habari hizo kila siku kwa miaka, na ni vizuri kuingia ukijua unabeba nini.

Kwa miezi mitatu ijayo, basi, nakala zirudi ofisini, jioni mbili ziwe za takwimu, na tasnifu kumi zisomwe kuanzia mwisho. Swali lako liandike kwa Kiswahili, sentensi moja, umsomee mumeo. Asipoelewa, libane tena. Akielewa na akakuuliza "na jibu lake ni lipi?", na wewe ukaona kweli hulijui, nitumie hiyo sentensi.